Al-Biruni, Mpimaji wa Dunia, na Hesabu ya Vitabu Vyake

Siku hizi, katika vyuo vikuu vya dunia, mtaalamu hupimwa kwa hesabu mbili: ameandika mangapi, na wangapi wamemtaja katika maandishi yao. Mwenye hesabu kubwa hupandishwa cheo, na mwenye ndogo hukaa nyuma. Leo, wasomaji wapenzi, nataka niichukue mizani hiyo nimpimie bwana mmoja ambaye umri wake wote aliumaliza katika kupima. Huyo ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni.

Alizaliwa mwaka 362 wa Hijra, yaani 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo sehemu yake kubwa imo Uzbekistan. Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mwana wa ukoo wa kifalme na bingwa wa hisabati. Mwaka 997, kijana huyu alipatana na Abul-Wafa, mtaalamu mkubwa aliyekuwa Baghdad, kwamba usiku wa kupatwa kwa mwezi kila mmoja autazame akiwa mjini kwake na kuandika saa. Mwezi hupatwa kwa wote mara moja, lakini saa za miji hazilingani. Tofauti ya saa moja ni nyuzi 15 za mzunguko wa dunia. Kwa njia hiyo wakajua umbali wa Kath na Baghdad, mashariki kwa magharibi, bila ya mtu kufunga safari.

Vita vya wafalme vilimhangaisha sana. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akamchukua al-Biruni pamoja na wanavyuoni wengine hadi Ghazna, katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Huko, mwaka 1025, alikamilisha kitabu chake cha kuainisha mipaka ya miji, Tahdid. Moja katika makusudio yake makubwa lilikuwa kuijua kibla ya Ghazna. Sisi wa Mombasa jambo hili ni jepesi kwetu, kwani Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa. Mtu wa Ghazna hana wepesi huo. Lazima kwanza ajue mji wake uko wapi na Makka iko wapi, kisha apige hesabu ya mviringo wa dunia.

Na dunia yenyewe ina ukubwa gani? Zamani, katika enzi ya Khalifa al-Maamun, wapimaji walitembea jangwani kwa kamba na vyombo wakapata kwamba uzi mmoja wa dunia ni maili za Kiarabu 56 na thuluthi mbili. Al-Biruni alitamani kuirudia kazi hiyo ila hakupata wa kumsaidia. Alipofika ngome ya Nandana, ambayo leo imo Pakistan, aliuona mlima uliosimama juu ya uwanda mpana. Akaupima urefu wake kutoka chini, kisha akapanda kileleni na kupima jinsi upeo wa macho ulivyoinama chini ya mstari wa usawa. Akapata dakika 34, zaidi kidogo ya nusu ya uzi. Kwa pembe hiyo na urefu wa mlima akapiga hesabu ya dunia nzima, na uzi mmoja ukamtokea maili 56 na kitu kidogo.

Hapa ndipo bwana huyu aliponishinda kwa adabu. Hakujigamba kwamba amewapita waliomtangulia. Aliona kuwa hesabu yake inakaribiana na yao, akaikubali yao, kwa kuwa vyombo vyao vilikuwa bora na walijitahidi zaidi.

Kazi zake nyingine ni bahari. Alitengeneza chombo cha kupimia maji yanayomwagika metali au kito kinapotiwa ndani, akalinganisha uzito wa dhahabu, zebaki, yakuti na vinginevyo. Alijifunza Kisanskriti akaandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi, na humo amewataja hata mabaharia wetu: kwamba bandari ya Somnath ilipata sifa kwa kuwa kituo cha wasafiri kati ya Sofala, nchi ya Zanji, na Uchina.

Sasa turudi kwenye hesabu ya vitabu. Mwaka 427 wa Hijra, akiwa na miaka 65 ya mwezi, aliandika orodha ya vitabu vya tabibu al-Razi kwa ombi la rafiki, akaongeza orodha yake mwenyewe. Alitaja vitabu 113, vingine vikiwa havijakwisha. Kisha akavitenga vitabu ambavyo marafiki zake walimwandikia kwa jina lake, mwalimu wake Abu Nasr akiwa na 12, akamtaja kila mwenye kazi yake. Baadaye aliandika vingine, na wataalamu wamevihesabu zaidi ya 140. Vilivyosalia havifiki hata robo.

Na waliomtaja? Al-Khazini, katika kitabu chake cha mizani cha karne ya kumi na mbili, alizinakili hesabu zake za uzito, na Yaqut aliyaandika maisha yake. Lakini Wazungu walipokuwa wakitafsiri vitabu vya Waislamu kwa Kilatini, vya al-Biruni vilipitwa. Kwa mizani ya kutajwa, huko Ulaya angepata sifuri kwa karne nyingi, mpaka Mjerumani Eduard Sachau alipochapisha kitabu chake cha tarehe za mataifa mwaka 1878. Mwaka 1970 shimo moja la mwezini lilipewa jina lake.

Kwa hiyo naona mizani hiyo hupima bahati ya kitabu zaidi kuliko elimu ya mwandishi. Vipimo vya Nandana vilikuwa sahihi vile vile katika karne zile ambazo Ulaya haikuvisoma, na vitabu vilivyopotea vilipotea kwa kukosa wa kuvinakili, si kwa kukosa maana.

Yaqut amesimulia kwamba al-Biruni alipokuwa katika sakarati, alizuriwa na fakihi mmoja, naye akamuuliza mas-ala ya mirathi ya bibi ambayo yalikuwa hayajamkaa sawa. Fakihi alimwonea huruma, akasita. Mgonjwa akaona ni bora aiage dunia akiyajua kuliko aiage akiwa mjinga wayo. Akafundishwa, akayakariri. Fakihi alipotoka, akiwa bado njiani, akasikia kilio nyumbani. Ilikuwa Ghazna, yapata mwaka 440 wa Hijra. Mas-ala yale hakupata wasaa wa kuyaandika, wala hayamo katika hesabu ya vitabu vyake. Mwenyezi Mungu amrehemu.