Shaaban Robert: Karani Aliyeandika Juu ya Haki

Watu wengi wasiomjua Shaaban Robert, walisikiapo jina lake, hudhani kuwa alikuwa Mkristo, au kuwa alizaliwa Muislamu kisha akaiacha dini yake. Sivyo. Alizaliwa na wazee Waislamu, akalelewa katika Uislamu, akafa Muislamu. Mwenye kuvisoma vitabu vyake kwa makini haoni shaka juu ya jambo hilo, kwani haki, insafu, hisani, burhani na adili, ambayo ndiyo maneno aliyoyajengea fikira zake zote, ni maneno ambayo mtoto wa chuoni huyasikia kabla hajajua kuandika. Tumetanguliza habari hii kwa sababu sisi watu wa pwani tuna desturi ya kumhukumu mtu kwa jina lake kabla ya kumsikiliza, na mtu huyu astahili kusikilizwa.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, si mbali na mji wa Tanga. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wadachi. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, majeshi ya Waingereza na Wahindi yalikuja kupigana na Wadachi hapo hapo Tanga, Novemba 1914, yakashindwa; lakini vita vilipokwisha Wadachi waliondoka na Waingereza wakakaa. Basi alizaliwa chini ya dola moja, akasomeshwa na kuajiriwa chini ya dola ya pili, na alipofariki alikuwa raia wa nchi iliyojitawala. Twadhani mtu aliyeziona dola tatu katika umri wa miaka hamsini na mitatu ana haki ya kuuliza dola ni kitu gani, na yampasa mtawala nini.

Asili ya wazee wake ilikuwa ya Kiyao, na mwenyewe hakuificha. Hakujitungia nasaba ya Shirazi wala ya Uarabuni, kama walivyofanya wengi zamani hizo ili wapate kuketi mbele barazani. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, na mwaka huo huo wa 1926 akaingia kazi ya serikali, ukarani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na minane, Pangani na kwengineko, mpaka 1944. Baadaye aliwekwa katika idara ya wanyama, kisha akarudi Tanga, kwanza katika ofisi ya wilaya na halafu katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Hakupata kuwa kadhi wala mwalimu wa chuo kikuu, wala hakuwa mtu wa mali. Alikuwa karani, na vitabu vyake aliviandika baada ya saa za kazi.

Mkewe Amina alifariki, naye akamlilia kwa shairi lenye jina lake, ambalo mpaka leo wapenzi wa mashairi hulihesabu miongoni mwa maombolezo bora ya Kiswahili. Aliwatungia watoto wake tenzi mbili za mawaidha: Utenzi wa Hati kwa bintiye, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Watu wa Lamu na Pate watakumbuka hapa wasia wa Mwana Kupona binti Mshamu kwa binti yake, mwaka 1858. Shaaban aliishika mila hiyo ya mzazi kumwachia mwanawe maneno badala ya mali, lakini aliiongeza jambo: mwana wa kiume naye alipewa wasia wake kamili. Katika nyumba nyingi zetu binti hufundishwa adabu, na kijana huachwa ajifunze barabarani.

Lakini kitabu kinachomfanya ahesabiwe katika wanafikra, si katika washairi tu, ni Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Kwa dhahiri yake ni hadithi ya nchi iliyo angani, isiyopata kuonwa na mtu. Kwa batini yake kila msomaji wa wakati ule aliijua nchi hiyo kuwa ni ile aliyoikanyaga kwa miguu yake.

Katika nchi hiyo kijana mmoja, jina lake Karama, anashitakiwa na waziri aitwaye Majivuno. Kosa lake ni kutaka kuwafundisha watu uanasheria. Hakuiba, hakuua, wala hakumtukana mfalme. Alitaka mshitakiwa awe na mtu wa kumsemea, na raia ajue lililo haki yake na lisilo haki yake. Waziri anamwita adui wa nchi. Karama apewapo nafasi ya kujitetea hajipigi kifua wala hamlaani mshitaki wake. Anasimulia tu. Anaukumbusha utawala kwamba zamani ulipeleka wajumbe sita katika pande sita, zile nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakatafute yatakayoifaa nchi. Wajumbe walipata taabu kubwa, wakarudi na mafunzo mema. Na kila mmoja aliporudi alitiwa gerezani.

Ndugu msomaji, yatazame majina ya wajumbe hao: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Mwenye kujua Kiarabu kidogo hahitaji tafsiri. Nchi imeifunga hoja, imeufunga wema, imeifunga ridhaa na msaada na uaminifu, kisha inashangaa kwa nini haiendelei. Hatudhani mtungaji aliyaokota majina hayo kwa bahati. Burhani ni neno la Qur'ani, nalo ndilo linalodaiwa kwa kila mwenye kudai jambo. Na huyo ndiye mmoja katika waliofungwa. Mtu akitaka kueleza kwa neno moja maradhi ya watu wasiopenda kuulizwa ushahidi wa wanayoyafuata, hatapata neno bora kuliko hilo.

Tukumbuke ni nani aliyeandika haya, na lini. Ni mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliyekula mshahara wake kila mwezi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1953, serikali ya Tanganyika ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na TANU ilipoanzishwa Julai 1954 karani kama yeye hakuweza kupanda jukwaani. Alilokuwa nalo ni fumbo. Na fumbo ni silaha ya zamani katika pwani yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliitumia sana katika ugomvi wa Mazrui na Mabusaidi, mahali ambapo neno la wazi lingeleta upanga. Tofauti ni kwamba mafumbo ya Muyaka yalimtetea mji wake na upande wake, na fumbo la Shaaban halina upande ila wa aliyedhulumiwa.

Wako wanaomlaumu. Husema kuwa mwisho wa Kusadikika ni mwepesi: mfalme anasikia, anaridhika, anamwachilia Karama na wafungwa wale wote, na elimu ile inaruhusiwa. Wanauliza, ni mfalme gani duniani aliyepata kubadilika kwa kusimuliwa hadithi? Tena huongeza kuwa mtungaji mwenyewe alikubali nishani ya MBE kutoka kwa Waingereza, na kuwa utenzi wake mrefu wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo elfu tatu juu ya vita vya 1939 hata 1945, ulivitazama vita vile kwa upande wa Uingereza na marafiki zake. Lawama hizi zina uzito, wala hatupendi kuzifunika. Ni kweli kwamba hakufundisha raia afanye nini mfalme asiposikia. Walakini wanachuoni wetu wamelihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi iliyo bora, na neno hilo Karama alilisema akiwa amesimama mahali ambapo kichwa chake kingeweza kuondoka. Aliyelitunga naye alihatarisha kazi yake. Kuhusu nishani, tuseme tu kwamba haikumfanya aandike tofauti na alivyoandika kabla yake.

Hapa yafaa kumlinganisha na Muhammad Iqbal wa Lahore, ambaye Waislamu wa Bara Hindi humwita mshairi na mwanafalsafa wao. Iqbal alizaliwa Sialkot mwaka 1877, akasoma Cambridge na Ujerumani, akawa mwanasheria, na mwaka 1930 alisimama Allahabad kama rais wa mkutano wa Muslim League akasema wazi ni nchi ya namna gani aliyoitaka kwa Waislamu. Shaaban hakupata elimu ile wala jukwaa lile. Lakini wawili hawa wamekutana katika jambo moja la ajabu: wote wawili walifikiri na kutunga katika lugha ambayo si ya kabila lao. Nyumbani kwa Iqbal palisemwa Kipunjabi, naye akatunga kwa Kiurdu na Kiajemi. Asili ya Shaaban ni Kiyao, naye akatunga kwa Kiswahili. Wametengana katika jambo kubwa zaidi. Iqbal aliwaita Waislamu waijue nafsi yao, wainuke kama umma. Shaaban alimwita mtu, awaye yote, auangalie utu wake. Msomaji mwingine ataona kuwa huo ni upungufu katika mwandishi Muislamu. Sisi hatuoni hivyo. Uadilifu tuliofundishwa ni uadilifu kwa watu wote, hata kwa wale tunaochukiana nao.

Jambo jingine lililowaudhi baadhi ya watu ni kuwa mwaka 1958 alichapisha wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Sisi hatuandiki hapa juu ya hukumu ya ngoma na taarabu. Tunataka tu msomaji aone alichokitazama Shaaban. Siti alizaliwa Fumba, katika nyumba ya kimasikini, akauza vyungu. Alichekwa kwa sura yake na kwa nasaba yake. Kwa sauti yake alifika hata Bombay mwaka 1928 kutiwa katika sahani za santuri, na hata alipofariki mwaka 1950 jina lake lilikuwa limeenea pwani nzima. Vitabu vya zamani vya wasifu viliandikwa juu ya masultani na masharifu. Karani wa Tanga alichukua kalamu akaandika juu ya mwanamke muuza vyungu, akamheshimu, wala hakumwombea radhi kwa mtu yeyote. Tusiposema kuwa hiyo ni insafu, hatujui tutaiita nini.

Twaja kwenye lugha, na hapo ndipo urithi wake unapotugusa sisi wenyewe. Wazee wengi wa Mombasa na Lamu hawakukipenda Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa tangu 1930 na kamati iliyoanzishwa na serikali za kikoloni. Walikuwa na hoja zao, na baadhi zilikuwa za kweli, kwani lahaja zilizobeba tenzi kwa karne nyingi ziliwekwa kando na watu wasiozijua. Shaaban aliingia katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, akafanya kazi nayo, akakishika Kiswahili hicho hicho na kukipa mashairi na insha na hadithi ambazo hakikuwa nazo. Akakipenda kama mtoto ampendavyo mamaye, ingawa babu zake hawakukizungumza.

Sasa utazame upande wa Ziwa Viktoria, mbali na bahari. Rangwe ni mahali katika kaunti ya Homa Bay, ambako lugha ya nyumbani ni Kijaluo, na Waislamu ni wachache. Mwaka 1985, mtaala mpya ulipoingia Kenya, Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari, na katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtoto wa Rangwe alikaa juu ya deski akajifunza ngeli na methali, na huenda akasoma mashairi ya Shaaban kwa bidii kuliko wajukuu wetu wa Old Town. Akija Mombasa kutafuta kazi na kusema neno lenye lafudhi ya kwao, tunamcheka, na wengine humwita mtu wa bara kana kwamba ni kosa. Lakini njia anayoipita ndiyo iliyopitwa na Shaaban, kutoka lugha ya wazee hadi lugha ya wote. Hatuwezi kujifaharisha kwa Shaaban Robert na papo hapo tukamfungia mlango huyu. Na ikiwa mtoto huyu amekisoma Kusadikika na sisi tumekiacha kabatini, basi tusibishane naye juu ya nani mwenye lugha.

Shaaban alifariki mwezi wa Juni 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake tarehe 9 Disemba 1961. Aliyaona yale aliyoyafumba, lakini kwa muda mfupi. Kazi zake nyingi zilikuwa bado hazijatoka. Kufikirika, kitabu ambamo mfalme asiye na mtoto anawafungulia hazina waganga wa mizizi, wa makafara, wa hirizi na wa mashetani, kilitoka mwaka 1967, pamoja na utenzi ule wa vita. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata mwaka 1968. Hakuvishika vitabu hivyo mkononi. Mwenyezi Mungu amrehemu.