Catherine wa Aragon: Malkia Aliyebishaniwa Ukweli Wake

Anayesoma historia ya Kanisa hawezi kuukwepa ugomvi wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza na Roma. Mara nyingi tunausimulia kwa kumtaja mfalme, Papa na Anne Boleyn, kisha tunaruka hadi kwa wafiadini. Mke mwenyewe, ambaye ndoa yake ilijadiliwa kwa karibu miaka saba, tunampa mstari mmoja. Katika makala hii tumeamua kumpa nafasi yake, kwa sababu maisha yake yaligeuzwa kuwa swali moja ambalo makardinali, maprofesa, wakuu wa nchi na hata watu wa sokoni walilibishania waziwazi: je, mama huyu anasema kweli?

Catherine alizaliwa tarehe 16 Desemba 1485 huko Alcalá de Henares, Hispania, katika jumba la Askofu Mkuu wa Toledo. Alikuwa kitinda mimba wa Ferdinand wa Aragon na Malkia Isabella wa Castile. Mama yake alihakikisha anasoma vizuri, Kilatini kikiwemo. Hakuwa ametimiza hata miaka minne alipoahidiwa kuolewa na Arthur, mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza, kwa mkataba wa Medina del Campo wa mwaka 1489. Ndivyo watoto wa wafalme walivyoishi. Walikuwa wapendwa wa wazazi wao, na papo hapo walikuwa mali ya mikataba.

Alifunga ndoa na Arthur tarehe 14 Novemba 1501 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Bwana harusi alikuwa na miaka 15, bibi harusi alikuwa bado mwezi mmoja afikishe 16. Usiku ule, kwa desturi ya mabwana wa wakati huo, wakuu waliwasindikiza hadi chumbani, kitanda kikabarikiwa, kisha mlango ukafungwa. Hakuna aliyejua kwamba baada ya miaka ishirini na minane mashahidi wangeitwa mahakamani kusimulia walichodhani kilitokea nyuma ya mlango huo. Wenzi hao walikwenda kuishi Ludlow, karibu na mpaka wa Wales. Huko wote wawili waliugua. Tarehe 2 Aprili 1502 Arthur alifariki, na Catherine akabaki mjane kabla ndoa haijafikisha miezi mitano.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na ilianzia kwenye fedha. Tofauti na kwetu, mahari huko ilitolewa na upande wa binti. Nusu ya krauni 200,000 ilikuwa imeshalipwa. Mfalme Henry VII hakutaka kuirudisha, na Ferdinand hakutaka kulipa iliyobaki. Njia ya kuwapatanisha ikawa kumwoza mjane huyo kwa mdogo wake marehemu, Henry, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi. Lakini Henry alikuwa shemeji yake, na sheria ya Kanisa ya wakati ule ilihesabu undugu huo wa ndoa kuwa kizuizi. Ilihitajika ruhusa ya Papa.

Tuangalie hapa kwa makini, hasa sisi tunaosomea mambo haya. Doña Elvira, mama aliyekuwa mlezi na msimamizi wa nyumba ya Catherine, alisisitiza kwamba binti alikuwa bado bikira, maana ndoa na Arthur haikukamilishwa. Wanasiasa walitaka ruhusa itakayofunika kila hali, iwe ndoa ilikamilishwa au haikukamilishwa. Basi hati ya Papa Julius II, yenye tarehe 26 Desemba 1503, ikasema kwamba huenda ndoa ile ilikamilishwa. Neno hilo moja, huenda, liliwekwa kwa ajili ya usalama wake. Baadaye lilimgeukia.

Ndoa hiyo ya pili haikufungwa upesi. Catherine alikaa ujane miaka saba, muda mrefu katika Durham House, London, huku baba mkwe na baba mzazi wakivutana. Alimwandikia baba yake barua nyingi akieleza madeni yake, nguo zilizochakaa na watumishi wasiolipwa. Ilifika mahali akauza vito vyake apate chakula. Mwaka 1507 Ferdinand alimteua kuwa balozi wake Uingereza, kazi ambayo wanawake hawakupewa siku hizo, na akaifanya vizuri kuliko wanaume waliomtangulia. Tunaona kwamba katika miaka hiyo ndiko alikojifunza kungoja bila kukubali kushindwa.

Henry VII alipofariki mwaka 1509, mwanawe alimwoa Catherine tarehe 11 Juni, na siku kumi na tatu baadaye wakavikwa taji pamoja. Kwa miaka mingi ilikuwa ndoa njema. Mwaka 1513 mfalme alipokwenda kupigana Ufaransa, alimwachia malkia nchi, na katika kipindi hicho jeshi la Uingereza lilishinda vita vya Flodden ambako Mfalme James IV wa Uskoti aliuawa. Mwaka 1517, vijana wa London walipokamatwa kwa kuwafanyia ghasia wageni, wengi wao Catherine aliwaombea msamaha kwa mumewe, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mgeni. Watu hawakusahau hilo. Msiba wake ulikuwa watoto. Alizaa mtoto wa kiume siku ya Mwaka Mpya 1511, akafa baada ya siku 52. Mimba nyingine ziliishia katika vifo. Aliyepona ni Mary peke yake, aliyezaliwa tarehe 18 Februari 1516.

Tuwe wa haki kwa Henry. Nchi yake ilikuwa imetoka katika vita vya ndugu kwa ndugu vya kugombea kiti, na mfalme asiye na mwana wa kiume alikuwa na sababu ya kuogopa. Alisoma katika kitabu cha Walawi katazo la kumtwaa mke wa ndugu, akashawishika kwamba Mungu anamwadhibu. Huenda aliamini hivyo kweli. Lakini kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaagiza ndugu amwoe mjane wa ndugu yake aliyekufa bila mtoto, na wasomaji wetu wanaotoka katika makabila yenye desturi ya kurithi wajane hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Tena, wakati dhamiri ya mfalme ilipoanza kumsumbua, moyo wake ulikuwa tayari kwa Anne Boleyn. Dhamiri inayoamka siku ileile moyo unapohamia kwingine inastahili kuchunguzwa mara mbili.

Juni 1527 alimwambia Catherine kwamba hawakuwa mume na mke. Malkia alilia, kisha akajibu kwamba hakuwahi kuwa mke halisi wa Arthur. Kuanzia siku hiyo kesi ikabeba mambo mawili yaliyochanganywa. La kwanza lilikuwa la sheria, kama Papa alikuwa na mamlaka ya kuondoa kizuizi hicho. La pili lilikuwa la mwili wake. Askofu John Fisher wa Rochester, ambaye leo ni mtakatifu, aliona kwamba la kwanza lilitosha. Hata kama ndoa ya Arthur ilikamilishwa, ruhusa ya Papa ilikuwa halali. Kardinali Wolsey aliona hatari nyingine kinyume cha hapo. Ikiwa haikukamilishwa, basi palibaki kizuizi kinachotokana na heshima ya ndoa iliyofungwa hadharani, na hati ya Julius haikukitaja waziwazi. Angalia mtego huo, msomaji. Akisema alikuwa mke wa Arthur, Walawi wanamhukumu. Akisema hakuwa, wanasheria wana tundu lingine la kumtolea.

Papa Klementi VII alimtuma Kardinali Lorenzo Campeggio, aliyewasili London Oktoba 1528. Kardinali huyu alimshauri malkia aingie utawani ili mambo yaishe kwa amani. Wengi wameuliza kwa nini alikataa, maana alikuwa mcha Mungu na utawa ungemfaa. Jibu lake lilikuwa kwamba Mungu alimwita katika ndoa. Kisha akaungama kwa Campeggio, na baada ya maungamo akamruhusu kutangaza alichomwambia. Alisema kwamba yeye na Arthur walilala kitanda kimoja usiku usiozidi saba, na kwamba alibaki kama alivyotoka tumboni mwa mama yake. Kwa mtu aliyeamini hukumu ya Mungu kama Catherine alivyoamini, huo haukuwa mchezo.

Mahakama ilikaa Blackfriars, London, mwaka 1529. Mwezi Juni mfalme na malkia waliitwa kwa majina mbele ya umati, jambo ambalo Waingereza hawakuwahi kuliona. Catherine alinyanyuka, akapita katikati ya watu hadi kwa mumewe, akapiga magoti miguuni pake. Akamkumbusha miaka yao karibu ishirini na watoto waliowazika. Akamwambia kwamba alipomwoa alimkuta bikira, na kwamba iwapo hilo ni kweli au si kweli analiacha kwa dhamiri yake mfalme. Katika ukumbi ule mtu mmoja tu ndiye angeweza kumkanusha, na alikuwa amekaa mbele yake. Henry alinyamaza. Malkia alisimama, akatoka. Karani alimwita tena na tena arudi, asirudi.

Baada ya hapo walikuja mashahidi. Walikuwa mabwana wakubwa, baadhi yao wazee, wakisimulia kwamba asubuhi ya harusi Arthur alitoka chumbani ana kiu na kujigamba. Mwingine alitoa hoja kwamba yeye mwenyewe alipokuwa na umri wa Arthur aliweza kuwa mume, basi Arthur naye aliweza. Tunajua jinsi wavulana wa miaka kumi na mitano wanavyozungumza mbele ya wenzao. Wanahistoria bado hawakubaliani juu ya usiku ule, na ni kweli kwamba Catherine alikuwa na kila sababu ya kusema alivyosema. Sisi tunamwamini. Mwongo hamkabidhi neno lake shahidi pekee anayeweza kumwumbua.

Julai 1529 Campeggio aliahirisha kesi, nayo ikahamishiwa Roma. Hatuna budi kukiri kwamba Roma ilimchelewesha mama huyu mno. Papa alikuwa ameshatekwa na askari wa Kaisari Charles V mwaka 1527, na Charles alikuwa mtoto wa dada yake Catherine. Klementi aliwaogopa wote wawili, Kaisari na Henry, akatumaini muda utamwondolea mzigo. Malkia aliandika na kuandika akiomba hukumu tu, iwe yoyote. Ilipotoka tarehe 23 Machi 1534, ikitamka kwamba ndoa yake ilikuwa halali, Henry alikuwa ameshamwoa Anne, Askofu Mkuu Cranmer alikuwa ameshaibatilisha ndoa ya kwanza, na mwezi huohuo Bunge lilikuwa likipitisha sheria ya kuwatambua watoto wa Anne kuwa warithi.

Wakati huo wote Catherine aliteremshwa ngazi kwa ngazi. Julai 1531 mfalme aliondoka Windsor bila kumuaga, na hakumwona tena. Alitengwa na Mary. Aliamriwa aitwe mjane wa Arthur, na mwaka 1533 alipoletewa taarifa iliyoandikwa hivyo, alichukua kalamu akalikata jina hilo kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Desemba mwaka huohuo, huko Buckden, watumwa wa mfalme walikuja kumhamisha kwa lazima. Alijifungia chumbani, akawaambia kupitia mlangoni wauvunje kama wanathubutu. Wanakijiji walikusanyika nje, kimya, wakiwa na zana zao za shambani. Mlango haukuvunjwa.

Wengine walilipa zaidi. Fisher alikatwa kichwa mwaka 1535. Padre Thomas Abell, aliyekuwa kasisi wa nyumba ya malkia, aliandika kitabu kuitetea ndoa yake, akafungwa miaka mingi na kuuawa mwaka 1540. Mfransisko John Forest, aliyekuwa mwungamishi wake, alichomwa moto mwaka 1538. Wote wawili ni Wenye Heri. Catherine mwenyewe alikataa kumwomba Charles alete majeshi, kwa kuwa hakutaka damu ya Waingereza imwagike kwa ajili yake.

Alifia Kimbolton tarehe 7 Januari 1536. Kuna jambo moja la siku hiyo ambalo waseminari watalielewa kuliko wengine. Usiku aliamka akijua anakufa, akatamani Komunyo. Mwungamishi wake, Askofu wa Llandaff, alikuwa tayari kuadhimisha Misa saa hiyohiyo. Catherine alimkatalia, akamweleza kwa maandiko ya Kilatini kwamba sheria ya Kanisa haikuruhusu Misa kabla ya alfajiri. Alisubiri pambazuke. Akapokea Komunyo, akapakwa mafuta, akafariki kama saa nane mchana.

Alizikwa katika abasia ya Peterborough kwa heshima za mjane wa Arthur. Miezi michache baadaye Mary, aliyetishiwa uhai, alitia sahihi karatasi ikikubali kwamba ndoa ya wazazi wake ilikuwa zinaa ya ndugu, kisha kwa siri akaomba ondoleo kutoka Roma. Alipokuwa malkia mwaka 1553 aliamuru Bunge lirudishe heshima ya mama yake. Katika wosia wake aliomba mwili wa Catherine uletwe London, walale pamoja. Mary alikufa Novemba 1558, akazikwa Westminster. Ombi hilo halikutekelezwa, na Catherine yuko Peterborough hadi leo. Juu ya kaburi lake pameandikwa kwamba ni Malkia wa Uingereza.