Christiaan Huygens: Aliyefumbua fumbo la masikio ya Zohali

MWAKA 1610 Galileo wa Italia aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Zohali, akaona kama nyota tatu zilizokaribiana. Mwaka 1612 alipoitazama tena, zile mbili za pembeni hazikuwapo. Baadaye zikarudi, safari hii zikifanana na masikio ya kikombe. Mzee huyo alifariki dunia 1642 bila kupata jibu.

Aliyelipata si mwingine bali ni Christiaan Huygens, aliyezaliwa Aprili 14, 1629 mjini The Hague, Uholanzi. Baba yake, Constantijn, alikuwa mshairi na katibu wa watawala, hivyo nyumbani hakukuwa na shida. Kijana alipelekwa Leiden kusoma sheria na hisabati, lakini sheria haikumkaa moyoni.

Yeye na kaka yake walisugua lenzi kwa mikono yao wenyewe. Machi 25, 1655, kwa darubini waliyoiunda, Huygens aliona mwezi wa Zohali ambao leo unaitwa Titan.

Mwezi huo ndio uliompa ufunguo. Aliona unaizunguka sayari kwa siku 16. Basi kitu kilicho karibu zaidi kingezunguka haraka zaidi, na masikio yale, kama yangekuwa vitu viwili, yangebadilika sura kila siku. Hayakubadilika. Kwa hiyo lazima kiwe kitu kimoja kilichoizunguka sayari pande zote bila kuigusa, yaani pete. Na kwa kuwa pete hiyo imelala upande, kila baada ya miaka 15 hivi tunaiona ubavuni tu, ikawa kama imetoweka.

Mwaka 1656 alitangaza ugunduzi huo kwa fumbo la herufi zilizopangwa ovyo kimaana, ili mwingine asimtangulie wala asimwibie. Mfanyabiashara hataji bei aliyonunulia mpaka mzigo umefika! Mwaka 1659 akatoa kitabu na kueleza yote.

Hata hivyo, hakukosa wapinzani. Mwaka 1660 huko Roma, fundi wa darubini Divini na padri Fabri walimpinga hadharani. Wasomi wa Florence wakatengeneza mfano wa sayari yenye pete, wakauweka mbali, wakawaita hata watu wasiojua lolote kuhusu ubishi huo wachore walichokiona. Michoro ilifanana na masikio yale yale.

Mwaka 1666 alihamia Paris kwa mwaliko wa serikali ya Mfalme Louis XIV, akilipwa vizuri. Lakini maradhi yalimrudisha kwao mara kwa mara, na safari ya 1681 ikawa ya mwisho. Waziri Colbert, mlezi wake, alifariki 1683, na mwaka 1685 mfalme akawafutia Waprotestanti haki zao. Huygens alikuwa Mprotestanti. Hakurudi tena Paris, akafariki The Hague Julai 8, 1695, bila mke wala mtoto.

Alikosea jambo moja: alidhani pete ni kitu kigumu. Mwaka 1859 Maxwell wa Uingereza alithibitisha kuwa ni vipande vingi mno. Pete za Uranusi zilionekana 1977, za Mshtarii 1979, na za Neptuni zikathibitishwa 1989.

Januari 14, 2005 chombo kilichopewa jina la Huygens kilitua juu ya Titan.