Sayyid Barghash na Muziki wa Kasri

Sayyid Barghash bin Said alikuwa miongoni mwa wana wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja. Baba yao alipofariki mwaka 1856, ufalme uligawanyika: Thuwaini akashika Omani, Majid akashika Unguja. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alimwasi nduguye Majid, akashindwa kwa msaada wa Waingereza, akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko aliishi takribani miaka miwili katika jiji lenye mitambo, bandari kubwa na mseto wa mataifa.

Alikalia kiti cha enzi mwaka 1870, baada ya Majid kufariki. Mwanzo wake haukuwa mwema. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu na kuzamisha merikebu. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Katika enzi yake mji ulipata maji ya mfereji, mtambo wa kupiga chapa uliotoa vitabu vya Kiarabu vya madhehebu ya Ibadhi, na Beit al Ajaib, kasri iliyokamilika mwaka 1883.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, hata hivyo, jambo kubwa zaidi ni ufadhili wake wa muziki. Inasimuliwa kwamba alileta wanamuziki kutoka Misri wamtumbuize kasrini, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim huko huko Misri akajifunze kupiga kanuni. Aliporejea, Mohamed Ibrahim aliwafundisha wenziwe, na kikundi cha kasri kikaundwa. Hiyo ndiyo asili inayotajwa ya taarab ya Unguja. Jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuguswa moyo kwa furaha.

Muziki huo ulikuwa na mipaka yake. Uliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya mfalme na wageni wake. Kiswahili, lugha ya mji mzima, kilibaki nje ya mlango, ilhali pwani ilikuwa na hazina kubwa ya mashairi na tenzi zilizoimbwa na kuandikwa kwa hati za Kiarabu tangu karne zilizotangulia.

Miaka ya mwisho ya Barghash ilikuwa ya majonzi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana bara alilolidai kuwa lake, wakamwachia visiwa, ukanda wa pwani wa maili 10 na miji kadhaa ya kaskazini. Alifariki Machi 1888.

Milki ilimponyoka, lakini muziki ulitoka kasrini ukapata wenyewe wapya. Mwaka 1905 kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa, nacho kikaendeleza taarab ya Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyezaliwa katika ufukara, akaimba kwa Kiswahili habari za mapenzi, dhuluma na mahakama. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa katika santuri huko Bombay, jiji lile lile alikohamishiwa Barghash. Mfalme alileta ala; watu wa kawaida ndio walioipa taarab lugha yao, na kwa lugha hiyo ikaenea Tanga, Mombasa na Lamu.