Mobutu na nyumba ya Savigny

Katika mwaka wa 2001, kule Uswisi kuliuzishwa nyumba moja kubwa inayoitwa Les Miguettes. Iko katika kijiji cha Savigny, juu ya muji wa Lausanne. Ukishuka kidogo toka pale unaingia katika Lavaux, mashamba ya mizabibu yanayoteremuka mulima sawa ngazi mupaka kwenye ziwa Léman. Watawa wa zamani njo walianza kupanga yale mawe kwa mikono, imepita karibu miaka 900, na divai ya pale inajulikana. Ni inchi ya utulivu, ya watu wanaohesabu feza yao vizuri. Nyumba ilienda kwa franga za Uswisi milioni 3 na kitu. Mwenyewe alikuwa amekufa tangu miaka ine. Jina lake wazazi wetu waliliimba na kulicheza, shuleni na kazini, mbele ya kushika kazi: Mobutu Sese Seko.

Mambo yake mengi yanajulikana, na hatutayarudilia yote. Tunataka tu kumufuata toka Lisala mupaka pale juu ya mizabibu, juu katika njia ile anakutana mara nyingi na watu wa machimbo.

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka wa 1930 kule Lisala, kwenye muto Congo, mutoto wa kabila la Wangbandi. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mupishi wa mwamuzi mumoja Mubelgiji. Mama yake alikuwa Marie-Madeleine Yemo. Bibi wa yule mwamuzi alipenda mutoto, akamufundisha kusoma na kusema Kifaransa. Wakati ule mutoto mweusi anayesema Kifaransa sawa wazungu alikuwa sawa vile mutu mwenye ufunguo mukononi. Lakini baba alikufa Mobutu akiwa na miaka 8, na mutoto akazunguka na mama yake kwa ndugu huyu na yule, toka shule moja ya misioni kuingia ingine. Kule Coquilhatville, ile tunaita leo Mbandaka, mapadri walimufukuza juu alitoroka akaenda kujionea Léopoldville. Malipizi ya mwanafunzi mukaidi wakati ule ilikuwa jeshi. Katika 1950 wakamutia katika Force Publique.

Jeshi halikumuvunja. Kule Luluabourg walimuweka katika biro, akajifunza kupiga mashini na kushika hesabu. Usiku alisoma magazeti. Alipotoka jeshini alikuwa mwandishi wa habari Léopoldville, katika gazeti L'Avenir, na katika 1958 alifika Brussels wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Ni katika miaka ile njo alishikamana na Patrice Lumumba, akamufanyia kazi, akaaminiwa. Uhuru ulipofika na jeshi likachafuka, Lumumba akamupatia kazi ya mukubwa wa état-major. Mutu wa miaka 29! Tarehe 14 mwezi wa 9 mwaka wa 1960 Mobutu akatangaza kama anawaweka wanasiasa wote kando. Lumumba akafungwa, akatumwa Katanga, akauawa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 1961. Hapa hakuna haja ya kuongeza neno.

Miaka mitano kisha, tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka wa 1965, akashika inchi kwa mara ya pili. Alisema atakaa miaka mitano. Alikaa 31 na nusu.

Tuseme na ile iliyokuwa nzuri, maana wazee wanatukatalia tukisema kila kitu kilikuwa giza. Inchi ilikuwa imetoka katika uasi wa 1964, na watu wa Ituri walionja ule uasi kwa damu. Vita vikapungua, barabara zikafunguka, mutu akatembea toka Bunia mupaka Kisangani bila kuogopa. Kwa watu wa shaba, Mobutu alinyanganya Union Minière kwa wazungu, na toka pale kukazaliwa Gécamines. Kwa watu wa zahabu, mwaka wa 1966 serikali iliunda OKIMO, Office des Mines d'Or de Kilo-Moto. Zahabu ya Ituri ilionekana mu 1903, na toka pale ilikuwa imelisha Beleji tu. Sasa walisema ni ya Wacongo wenyewe. Mutu gani hangefurahi? Lakini mwaka uleule wa 1966 walinyonga watu wakubwa wane katika uwanja wa Kinshasa, mbele ya umati, kati yao Évariste Kimba aliyekuwa waziri wa kwanza. Kila mutu akaelewa mupaka wa furaha.

Kisha ikaja miaka ya majina. Katika 1971 inchi ikaitwa Zaïre, muto ukaitwa Zaïre, sawa feza iliyokuwa na jina lile toka 1967. Joseph-Désiré akajiita Sese Seko, wanaume wakavaa abacost, majina ya Kikristo yakakatazwa. Hata ziwa letu halikupona. Ziwa Albert likapewa jina la Mobutu Sese Seko, na jirani yake wa Uganda, Idi Amin, akapewa jina juu ya ziwa Edward. Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia waliendelea kutega nyavu, samaki ilikuwa ileile, lakini katika karta ilikuwa samaki ya Mobutu.

Mwezi wa 11 mwaka wa 1973 akatangaza zaïrianisation. Maduka, mashamba ya kahawa, mafarme ya ngombe ya wageni yakachukuliwa na kupewa watu wa inchi. Watu gani? Wale waliokuwa karibu na chama. Wengi walikuta duka limejaa, wakauzisha vitu vyote bila kununua vingine, na kisha miezi michache rafu zikabaki tupu. Mwaka uleule sheria ilisema udongo wote ni mali ya serikali, na huku Ituri makonsesion ya wazungu yakaingia mikononi ya wachache waliojua njia ya biro. Maugomvi ya udongo yaliyotuchoma sana kisha yana mizizi mingi, lakini muzizi mumoja uko pale.

Bahati mubaya, bei ya shaba ikaanguka katika 1974 na 1975. Serikali ilikuwa imekopa kwa kuamini shaba. Mwaka wa 1974 ilikuwa imeleta Muhammad Ali na George Foreman kupigana Kinshasa, dunia nzima ikatazama, na deni likabaki kwetu. Toka pale Gécamines na OKIMO zikawa ngombe ya kukamuliwa bila majani.

Tufike kwa manyumba sasa. Alikuwa nayo Brussels, Paris, na kule Roquebrune-Cap-Martin kwenye bahari ya Ufaransa, ambako kuliitwa Villa del Mare. Kubwa kuliko zote ilikuwa Gbadolite, kijiji cha wazee wake, ambako alijenga jumba juu ya kilima cha Kawele, na ingine ya mutindo wa Kichina, na kiwanja cha ndege kirefu cha kutosha kwa kupokea Concorde, ndege ya abiria ya haraka sana. Alikuwa anakodi Concorde sawa vile mutu wa Mongbwalu anakodi moto. Pale wageni walikunywa champagne rosé katikati ya pori. Na kulikuwa Les Miguettes ya Savigny.

Uswisi haikuwa kwake mahali pa feza tu. Bibi yake wa kwanza, Marie-Antoinette, mama wa watoto wake wengi, alikufa katika kliniki ya Genolier, kulekule katika kantoni ya Vaud, mwezi wa 10 mwaka wa 1977. Alirudishwa, akazikwa Gbadolite. Tunaitaja juu mutu asifikiri kama maisha ya wakubwa hayana machozi. Lakini tunaitaja pia juu ya jambo lingine: katika miaka ile mama wa muchimbaji alizaa katika dispensaire isiyo na dawa.

Mwaka wa 1978 FMI ilituma Mujerumani mumoja, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Banki ya Zaïre na kuangalia namna feza inatoka. Hakumaliza muda mrefu. Ripoti yake ya 1982 ilieleza kama hakuna kufungia feza ya serikali mbali na mufuko wa rais, na kama wenye kukopesha Zaïre wasingoje kulipwa. Ripoti ikajulikana dunia nzima. Inchi kubwa za Magharibi zikaendelea kukopesha, juu Mobutu alikuwa upande wao katika vita baridi. Hiyo pia iandikwe katika hesabu, si jina la mutu mumoja peke yake.

Mwaka uleule wa 1982, kukafanyika kitu ambacho kila familia ya machimbo inabeba mupaka leo. Serikali, ikiwa imekosa nguvu ya kulipa na kuchimbisha, ikaruhusu mwananchi kuchimba zahabu na diamant mwenyewe. Mbele ya pale, aliyekutwa na mchanga wa zahabu mufukoni alihesabiwa mwizi. Sasa akawa creuseur. Walimu waliacha ubao, wafanyakazi wa OKIMO waliacha mashini iliyokufa, vijana wakashuka kwenye mashimo. Ilikuwa article 15, kila mutu ajitafutie. Wengine walijenga, wengine walisomesha watoto, na hatuwezi kusema ilikuwa mubaya yote. Lakini tuangalie vizuri: serikali iliachia shimo, haikuachia feza. Usalama ndani ya shimo, dawa, barabara, shule, vyote vilibaki juu ya bega la muchimbaji, na kwa kila hatua kulikuwa askari au mutu wa biro aliyengoja fungu lake.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya haraka. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 1990 aliruhusu vyama vingi, akalia mbele ya watu. Septemba 1991 askari wasiolipwa wakapora Kinshasa na miji mingine, na Januari 1993 wakarudilia, juu walilipwa kwa noti ya zaïre milioni tano ambayo wauzaji waliikataa. Kisha kukaja zaïre mupya: milioni tatu za zamani kwa moja. Mutu aliyekuwa ameweka akiba katika makaratasi aliamuka maskini. Aliyekuwa na gramu chache za zahabu ndani ya chupa ndogo, yeye alipona.

Mwezi wa 8 mwaka wa 1996 Mobutu alilazwa Lausanne kwa kanseri ya prostate. Fikiria pale: mugonjwa iko katika hospitali, nyumba yake ya Savigny iko karibu juu ya mulima, na huku mashariki vita vinaanza. Uvira, Bukavu, Goma vikaanguka. Desemba Bunia ikaanguka pia, na AFDL ikashika machimbo ya zahabu. Askari wa FAZ walikimbia wakipora njiani watu walewale waliopaswa kuwalinda. Mobutu alirudi Kinshasa tarehe 17 mwezi wa 12, muji ukamupokea kwa shangwe, lakini hakuwa tena na jeshi. Tarehe 16 mwezi wa 5 mwaka wa 1997 alikimbilia Gbadolite. Siku mbili kisha akapanda ndege ya mizigo, na askari wake mwenyewe wakaifyatulia risasi ikiruka. Alipita Togo, akafika Maroc. Alikufa Rabat tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka wa 1997 na kuzikwa pale, katika makaburi ya Wakristo. Ziwa likarudi kuitwa Albert. Jumba la Kawele liliporwa mupaka marbre za ukuta.

Ilibaki Savigny. Katika ule mwezi wa 5 mwaka wa 1997 Uswisi ilifunga nyumba na feza zake zote zilizojulikana. Watu walikuwa wanataja mamiliardi ya dola. Banki za Uswisi zilionyesha milioni chache tu za franga, na mupaka leo kila mutu anawaza yake juu ya hesabu ile. Nyumba ikauzishwa, vyombo vyake pia. Pamoja na riba, ilifika franga milioni 7.7.

Kwa kurudisha feza ile, Uswisi ilihitaji kwamba Kinshasa ilete kesi: huyu aliiba hiki, siku hii, ushahidi huu. Miaka ikapita. Kulikuwa vita, kulikuwa transition, kulikuwa uchaguzi. Uswisi iliongeza muda wa kufunga zaidi ya mara moja, ikatuma watu kuuliza. Dosie yenye kusimama haikufika. Wakati ule mutoto mumoja wa Mobutu alikuwa ndani ya serikali ya Kinshasa, na kila musomaji afikiri yake. Mashitaka yaliyofanywa Uswisi kwenyewe yalikataliwa juu muda wa sheria ulikuwa umepita, na tribunali kubwa ya mambo ya jinai ikakubali vile mwezi wa 7 mwaka wa 2009. Feza zikafunguliwa kwa upande wa warisi.

Kisha haya yote Waswisi wakaona haya. Waliandika sheria mupya, iliyoanza tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka wa 2011, iliyoruhusu kunyanganya mali ya wakubwa wa namna ile hata kama inchi yao wenyewe imeshindwa kuendesha kesi. Ilitumika kwa feza za Duvalier wa Haïti. Kwa zile za Savigny, zilikuwa zimekwisha kutoka katika banki.