Patsy Cline: Nyimbo zilivuma, mfuko ukabaki mtupu

Wasikilizaji wanaotuomba nyimbo za kantri mara nyingi hutaja wanaume, Jim Reeves akiwa mbele. Akitajwa mwanamke, huwa ni Dolly Parton. Leo tunarudi nyuma zaidi, kwa mwanamke aliyepita njia hiyo kabla ya Dolly na akafariki akiwa na miaka 30 tu. Ni Patsy Cline wa Marekani. Huenda wimbo wake "Crazy" umeshausikia bila kujua anayeimba ni nani.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1932 mjini Winchester, jimbo la Virginia, akaitwa Virginia Patterson Hensley. Baba yake, Sam, alikuwa mhunzi mwenye umri mkubwa. Mama yake, Hilda, alikuwa na miaka 16 tu. Familia ilihamahama kufuata kazi. Akiwa na miaka 13 aliugua homa kali pamoja na koo, akalazwa hospitali, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipopona ndipo sauti yake ilipotoka nzito na yenye nguvu.

Kisha baba akaondoka nyumbani. Hilda alibaki na watoto watatu na cherehani. Binti aliacha shule akaingia kazini: kwanza kiwanda cha kuchinja kuku, halafu duka la dawa lililokuwa na kaunta ya soda na aiskrimu. Usiku aliimba popote alipokubaliwa. Akiwa bado kijana mdogo alikwenda mwenyewe kwenye kituo cha redio cha Winchester, WINC, akaomba kuimba hewani, na akapewa nafasi. Mama yake ndiye aliyemshonea nguo za jukwaani za mtindo wa wachunga ng'ombe, zenye nyuzinyuzi zinazoning'inia.

Jina "Patsy" lilitokana na Patterson, na "Cline" ni la mume wake wa kwanza, Gerald Cline, waliyeoana 1953.

Mwaka 1954 alisaini mkataba na kampuni ya kurekodi iitwayo Four Star, na hapa ndipo maisha yake yalipofungwa kamba. Mkataba ulisema angeimba nyimbo zinazomilikiwa na kampuni hiyo tu. Mgawo wake kwenye mauzo ulikuwa asilimia 2.34, na gharama za kurekodi zilikatwa kwenye mgawo huohuo. Kwa maneno mengine, kila alipoingia studio alianza na deni. Mkulima aliyewahi kukopeshwa mbegu na yule yule anayenunua mavuno yake ataelewa hesabu hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Januari 1957 alishiriki shindano la vipaji la Arthur Godfrey kwenye televisheni huko New York. Mshiriki alitakiwa kuletwa na mtu aliyegundua kipaji chake, basi Hilda akampeleka bila kutangaza kuwa ni mwanawe. Waandaaji walimvua zile nguo za kichunga ng'ombe wakamtaka avae gauni la jioni. Wimbo aliopewa, "Walkin' After Midnight", hakuupenda. Aliuimba akashinda, na ukafika nafasi ya 2 kwenye orodha ya kantri na ya 12 kwenye orodha ya muziki wa pop. Nchi nzima ilimjua, lakini fedha hakuziona. Katika miaka yake na Four Star alirekodi nyimbo zaidi ya 50, na huo mmoja ndio uliovuma.

Mwaka huohuo, baada ya kuachana na Cline, aliolewa na Charlie Dick, wakapata watoto wawili. Mkataba ulipofikia mwisho 1960, alihamia kampuni ya Decca chini ya mtayarishaji Owen Bradley. Mwaka huo pia aliomba mwenyewe kujiunga na Grand Ole Opry, kipindi cha Jumamosi usiku cha redio WSM ya Nashville kilichosikilizwa sana vijijini, akakubaliwa. Sasa Bradley angeweza kumtafutia nyimbo popote. "I Fall to Pieces" ulifika namba 1 Agosti 1961.

Wakati wimbo ukipanda, yeye alikuwa akiuguza majeraha. Tarehe 14 Juni mwaka huo gari alimokuwa na kaka yake liligongana na lingine huko Nashville, akarushwa kupitia kioo cha mbele. Paji la uso lilipasuka vibaya na nyonga ikateguka. Akiwa hospitalini alimsikia redioni mwimbaji mgeni, Loretta Lynn, akimwimbia wimbo huo, akamtuma mumewe amlete. Kuanzia hapo Patsy alimpa Loretta nguo na kumfundisha namna ya kuishi kati ya wanaume wanaoendesha biashara ya muziki.

Somo kubwa lilikuwa la fedha. Patsy alidai alipwe kabla ya kupanda jukwaani, kwa sababu mapromota walikuwa na tabia ya kutoweka onyesho likiisha. Tunaona huo ndio upainia wake kuliko hata sauti.

Agosti 1961 alirudi studio kwa magongo kurekodi "Crazy", utunzi wa kijana Willie Nelson. Mbavu zilimuuma, sauti za juu zikakataa. Wanamuziki walirekodi sehemu yao, naye akarudi wiki chache baadaye akauimba kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1962 hatimaye alinunua nyumba aliyoitamani, nje kidogo ya Nashville.

Tarehe 3 Machi 1963 aliimba Kansas City, akiwa na mafua makali, kuichangia familia ya mtangazaji wa redio aliyefariki ajalini. Ukungu ukafunga uwanja wa ndege. Mwimbaji mwenzake, Dottie West, alimpa nafasi kwenye gari, akakataa kwa hamu ya kuwafikia watoto haraka. Tarehe 5 akapanda ndege ndogo ya injini moja iliyorushwa na meneja wake, Randy Hughes, pamoja na waimbaji Cowboy Copas na Hawkshaw Hawkins. Walipotua Dyersburg, Tennessee, msimamizi wa uwanja aliwashauri walale. Hughes hakuwa na cheti cha kurusha ndege kwa kutegemea vyombo pekee, lakini alimpigia mkewe simu, akaambiwa Nashville mvua imekatika. Waliondoka baada ya saa kumi na mbili jioni. Ndege ilianguka msituni karibu na Camden, na wote wanne wakafa.

Mwaka 1973 akawa mwanamke wa kwanza aliyeimba peke yake kuingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri. Albamu iliyokusanya nyimbo zake bora, iliyotoka 1967, imeuza nakala milioni kadhaa. Loretta alipojifungua mapacha 1964, mmoja alimwita Patsy. Hilda aliishi hadi 1998, na nyumba ya South Kent Street mjini Winchester alikokuwa akishona sasa ni makumbusho.