Robert Goddard: Mtu aliyehamia jangwani ili roketi zake zipae

Katika jangwa la Black Rock, jimboni Nevada nchini Marekani, hukusanyika watu wanaounda roketi kubwa kwa mapenzi yao tu. Si wanajeshi wala watumishi wa serikali. Huchagua jangwa kwa sababu roketi ikikosea njia au ikilipuka, haimwangukii mtu wala nyumba. Robert Goddard aliijua sababu hiyo mapema kuliko wengi, baada ya kukatazwa kurusha roketi karibu na kwao.

Goddard alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1882 mjini Worcester, jimbo la Massachusetts. Akiwa na miaka 17 alipanda juu ya mti kukata matawi, na hukohuko juu akaanza kuwaza chombo cha kufika sayari ya Mirihi. Mwaka 1913 aliugua kifua kikuu, na madaktari hawakutarajia kwamba angeishi. Alipona, lakini mapafu yake yalibaki dhaifu.

Achekwa gazetini

Alipokuwa mwalimu wa chuo kikuu, aliandika kwamba roketi inaweza kufika hata mwezini. Januari 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli, likidai kuwa kule juu hakuna hewa ya roketi kuisukuma.

Gazeti lilikosea. Chukua puto, lipulize, kisha liachie bila kulifunga mdomo. Hewa hutoka upande mmoja, puto hukimbilia upande wa pili. Roketi nayo hutupa moshi wa moto kwa kasi upande wa chini, yenyewe ikaenda juu. Haihitaji kuegemea hewa ya nje.

Kejeli hizo zilimuuma, na tangu hapo akawa msiri katika kazi yake. Tarehe 16 Machi 1926, katika shamba la jamaa yake mjini Auburn, alirusha roketi ya kwanza duniani kutumia mafuta ya maji: petroli pamoja na oksijeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Ilikaa hewani sekunde mbili na nusu, ikapanda mita 12 hivi tu.

Mwaka 1929 roketi nyingine ilinguruma kiasi kwamba majirani walidhani ndege imeanguka. Polisi walifika, na mamlaka ya zimamoto ikamzuia kurusha tena katika jimbo hilo.

Roswell

Habari hiyo ilimfikia rubani mashuhuri Charles Lindbergh, naye akamwombea msaada kwa tajiri Daniel Guggenheim. Mwaka 1930 Goddard na mkewe, Esther, walihamia Roswell, jimbo la New Mexico. Huko kuna nyika kavu, watu ni wachache, na hewa yake ilifaa mapafu yake.

Mnara wa kurushia ulisimikwa nje ya mji. Goddard na mafundi wake wachache waliijaza roketi mafuta, kisha wakarudi kwenye kibanda kilichokuwa mita 300 hivi kutoka mnarani na kuiwasha kwa swichi. Esther alipiga picha za filamu, na moto ukishika nyasi yeye ndiye aliyeuzima.

Tarehe 30 Desemba 1930 roketi ilipanda mita 600 hivi. Nyingine hazikuondoka kabisa, na baadhi zilipinda njia au kulipuka. Kila mara Goddard aliokota vipande, akatafuta kosa, akaunda tena. Ili roketi isiyumbe, aliiwekea kifaa kinachozunguka kwa kasi kama pia wanayochezea watoto. Pia ikizunguka vizuri haianguki. Kifaa hicho kiligeuza vibao vidogo vilivyoirudisha roketi kwenye njia yake. Machi 1937 roketi yake moja ilipita mita 2,400.

Heshima iliyochelewa

Jeshi la Marekani halikuona thamani kubwa ya roketi zake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa Ujerumani iliyorusha makombora makubwa ya mafuta ya maji. Goddard alifariki kwa saratani ya koo tarehe 10 Agosti 1945, kabla hajaona roketi yoyote ikienda mwezini.

Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 1 kwa kutumia uvumbuzi wake, fedha zilizomhusu Esther na mfuko wa Guggenheim. Kituo kikubwa cha shirika la anga za juu la NASA kilipewa jina lake. Na tarehe 17 Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 wakiwa njiani kwenda mwezini, New York Times lilichapisha masahihisho ya kosa lake la mwaka 1920. Goddard alikuwa kaburini kwa karibu miaka 24.